Juisi ya Dote ya Viviane

Jumatatu, 10 Juni 2013. Kashojwa, kambi ya wakimbizi

Nimebanwa! Mzee Kabanda, baba ya Viviane wangu, Mkatoliki wa kutoka Uvira, amesema Jumamosi dote, yaani mahari, haitafunguliwa bila kasiksi. Bazee wavute pombe ya ndizi kwa mirija kwanza, ndipo wapate mdomo wa kutaja ng'ombe. Fanta ni ya batoto, anasema. Nikakimbilia kwa Pasta Muhire wa kanisa letu. Pasta amesema mwimbaji kama mimi akipeleka pombe kwa bakwe, anatoka kwenye korale, na harusi ya kanisani asiiote. Tena Jumamosi atakuja mwenyewe kuangalia!

Nikamkumbusha harusi ya Kana. Akasema ile ilikuwa juisi ya zabibu. Nikamrudia mzee na ulevi wa Nuhu. Akajibu kwamba Timoteo aliruhusiwa kidogo kwa ajili ya tumbo, na yeye tumbo linamsumbua tangu tukimbie vita. Wote wawili wana Biblia, wote wawili wananitesa mimi.

Lakini Mungu hakunipa kichwa cha kubebea kofia tu. Nitapeleka juisi ya ndizi ndani ya mtungi wa kasiksi, mirija juu. Rangi ni ile ile. Pasta nitamwambia ukweli: juisi. Mzee nitamnyamazia. Kunyamaza si kusema uongo.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi kutoka Mbarara. Ushindi! Mama Provia, mke wa askari pale kambi ya jeshi, ni fundi wa kukamua ndizi. Nilipomwambia nataka juisi peke yake, alinitazama kama mgonjwa. Akauliza: wewe nataka hii maji tu? Pombe iko na kosa gani? Nikamwambia ni mambo ya kanisa. Akasema basi, pole sana.

Akaniazima bidoni zake mbili, madumu anayotilia pombe miaka yote. Akasisitiza nizioshe kwa maji ya moto, tena na tena. Na gari la kunirudisha linapiga honi! Nikasuuza na kikombe kimoja cha maji baridi, nikanusa. Harufu ya pombe bado imo. Vizuri, itawasaidia bazee kuamini.

Alhamisi, 13 Juni

Bidoni za juisi ziko nyuma ya jiko, nimezifunika blanketi zisipigwe baridi. Mchana mfuniko mmoja uliruka wenyewe, pa! Ukampiga kuku wa jirani. Juisi ina furaha ya harusi, minakuambia! Nimeukaza. Ukaruka tena.

Déo akapita fasi hiyo, akanusa, akatabasamu. Huyu Déo ni mpiga gitaa wa korale. Gitaa analipiga vibaya, na anamtaka Viviane vibaya zaidi. Jioni nikasikia amekwisha kumwambia Pasta kwamba kwangu kuna pombe, na Pasta ameapa kuionja mbele ya watu wote. Nimecheka hadi nikakaa chini. Aonje! Juisi ni juisi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Misiera, kwa Mzee Kabanda. Watu mingi. Pasta akaomba kikombe, akaonja. Mimi sina wasiwasi, nikainama nikavuta kidogo kwenye mrija.

Mama yangu! Masikio yakapata moto. Kasiksi kabisa! Kwaheri korale. Kwaheri Viviane.

Pasta akaonja tena. Akamaliza kikombe. Akatangaza kwamba ni juisi safi, ila inauma ulimi kidogo kama soda. Aksanti Yesu! Kumbe Pasta amezaliwa kwa walokole, pombe hajaigusa tangu atoke tumboni. Angeijulia wapi?

Déo akaruka. Akachota kikombe, akanywa chote, akapiga kelele kwamba hii ni pombe, tena imekomaa vizuri. Pasta akamuuliza kwa upole ladha yake ameijuaje. Déo akageukia korale imsaidie. Korale nzima ilikuwa imekwisha kuonja, na kila mmoja akaangalia miguu yake mwenyewe.

Mzee Kabanda akavuta hadi mtungi ukalia. Akasema mukwe huyu anaheshimu babu zetu. Dote imepokelewa! Pasta akaongeza kikombe, akamkumbatia mzee, akasema Wakatoliki nao ni ndugu, kisha akacheza. Viviane alikuwa anachekea ndani ya kitenge. Ameshajua. Nimepata mke mwenye akili!

Jumapili, 16 Juni

Pasta amechelewa ibada. Kichwa kinamuuma, anasema ni shetani analipiza ushindi wa jana. Tukamuombea. Déo amesimamishwa korale mpaka atubu, na gitaa lake nimepewa mimi. Sijui kulipiga, lakini ninalishika vizuri.

Viviane akaniita pembeni. Akaniomba nimwambie Pasta ukweli kabla ya harusi, maana uongo huu nao utaruka siku moja kama ule mfuniko. Nikamuahidi. Nikaenda, ukweli uko kwenye ulimi. Kabla sijafungua mdomo, Pasta akanishika mkono na kuagiza juisi ile ile kwa Meza ya Bwana, ya kutosha kanisa zima. Na msimamizi wa Meza ni mimi, Baudouin! Ningemvunja moyo namna gani?

Kesho ninarudi kwa Mama Provia. Bidoni zile zile, sitazipotezea maji. Na Viviane asiogope mambo ya kuruka. Safari hii nitaweka jiwe juu ya kila mfuniko.