Mwenyekiti na Gongo Kubwa

Kamati ya Usimamizi wa Ugongaji, ambayo mimi ni Katibu wake, inapenda kuujulisha umma wa Tarime kwamba muziki wa Elieth Machage ulipigwa kwa mafanikio makubwa na kwa mujibu wa kanuni. Maneno ya mtaani yapuuzwe.

Elieth ni fundi wa kuchomelea wa Nyamwaga. Kwa miaka mitatu alikuwa anatunga muziki kwa mfano wa gamelani, ule wa Indonesia ambao kundi zima hugonga vyuma kwa zamu. Ala zake alizitengeneza kwa rimu za malori na visahani vya plau, na kompyuta ikawa inanasa mlio, inauvuta, inaurudisha mwembamba kama moshi. Aliomba kibali cha kuupiga katika uwanja wa Bomani, mbele ya wageni wa mkoa.

Barua yake ilitaja "gongo moja kubwa". Kamati ilifika kwake haraka, ikiwa na polisi wawili na madumu ya kuhifadhia kielelezo. Akatuonyesha sahani ya chuma yenye upana wa mlango. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Thadeo Kisyeri, aliinusa pande zote mbili kabla ya kuridhika kwamba hainyweki.

Likabaki suala la wapigaji. Elieth alikuwa na akina mama sita, waliofanya mazoezi tangu mavuno ya mwaka jana. Nikamweleza kwamba asiyesajiliwa haruhusiwi kugonga chuma hadharani. Akauliza usajili unafanyika wapi. Nikamjibu kwamba fomu bado hazijachapishwa. Akauliza ni nani basi aliyesajiliwa. Nikasema ni sisi wajumbe saba, tuliojisajili wenyewe katika kikao cha kwanza ili kuonyesha mfano.

Akakaa juu ya rimu, akawatazama wale mama. Agness, mmoja wao, alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Kadi za mwaliko zilishatoka.

"Basi mtapiga ninyi," Elieth akasema.

Tulifanya mazoezi siku nne. Mwenyekiti alitaka chombo kinacholingana na cheo chake, yaani kikubwa kuliko vyote. Elieth hakubisha. Alieleza tu kwamba gongo kubwa hupigwa mara moja, mwisho wa mzunguko, na mpigaji wake husubiri kimya, la sivyo wengine hupotea. Mheshimiwa akasema mambo ya kusubiri anayafahamu; ofisini kwake watu husubiri kila siku.

Siku yenyewe tukaanza kugonga, kompyuta ikajibu. Mwenyekiti alikaa na nyundo ya mpira mapajani. Dakika ya nne alifungua mdomo kuwasalimu wageni. Elieth akamtazama, naye Mwenyekiti akaufunga. Dakika ya tisa jasho lilimtoka. Uwanja ukaanza kunong'ona. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Mura, tangu ateuliwe, leo ndiyo mara ya kwanza ananyamaza."

Dakika ya kumi na tisa akapiga. Watu walisimama wakashangilia, mpaka mgeni rasmi akaniuliza ni kitu gani kimewagusa hivyo. Nikasema ni utunzi.

Wiki iliyofuata wananchi walileta ombi lenye saini mia nne, kwamba kila mkutano wa hadhara wa Mwenyekiti ufunguliwe kwa muziki huo. Mkoa ukaridhia. Akina mama wameshasajiliwa, wamechukua nafasi zetu. Mwenyekiti pekee hawezi kubadilishwa, kwa kuwa gongo limesajiliwa kwa jina lake. Elieth anaendelea kutunga. Mzunguko wa sasa una saa mbili na robo, na mkutano, kwa mujibu wa kanuni zetu wenyewe, hufungwa baada ya saa mbili.