Dola Elfu Nane Zilizozidi

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Leo nimemnyamazisha Wendell. Naandika haraka kabla utamu haujaniisha mdomoni.

Tulikuwa kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa za Kwaresima, ukumbi wa chini ya kanisa, meza yetu ileile karibu na jiko. Wendell ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu Lorna. Kila msimu wa kodi lazima ajishaue. Eti ameijaza akaunti yake ya uzeeni, ile yenye nafuu ya kodi, mpaka kikomo cha serikali cha mwaka, dola elfu nane, hajabakiza hata senti. Anasema hivyo huku anakamulia ndimu samaki, hakutazami usoni. Miaka kumi na moja nimemvumilia. Leo nikafuta mdomo, nikamwambia taratibu: shemeji, mwaka jana mimi nimejaza mara mbili.

Kimya! Uma zikabaki hewani. Daktari wa mifugo, tunayekaa naye meza moja, akamtazama mkewe, mkewe akatazama kabichi. Sijawahi kupewa heshima kama ile tangu nizaliwe. Nikaongeza kipande cha samaki.

Mpango wenyewe ni rahisi mpaka unatisha. Desemba niliweka elfu nane benki ya mjini. Februari benki ya ng'ambo ya mto ikatangaza: ukifungua akaunti ya uzeeni kwa hesabu ya mwaka uliopita, unapewa sufuria ya umeme, ile ya kuchemshia maharage kutwa nzima. Bure! Nikaweka elfu nane nyingine. Benki mbili, vikomo viwili. Nashangaa Wisconsin nzima haijaliona hilo.

Elfu nane za pili ni pesa tuliyopata kwa kuuza trekta la marehemu baba mkwe. Marlys, mke wangu, ameitenga anunue piano. Hajui kwamba imehama. Mzee mmoja wa La Crosse anamuwekea hiyo piano mpaka tarehe 16, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Nitarudisha kabla Marlys hajashtuka. Siku kumi na mbili, muda upo tele.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Muda haupo tele.

Nimekwenda maktaba, wazee tunajaziwa fomu za kodi bure. Nikaangukia meza ya Mama Vang. Miaka thelathini alikuwa karani wa kiwanda cha jibini, sasa anajitolea. Ana penseli moja fupi na hana haraka. Nikamweleza mambo yangu kwa fahari kidogo. Aliweka penseli chini. Akaniomba nirudie, polepole, pale kwenye mara mbili.

Kumbe kikomo ni cha mtu! Si cha benki. Hata ningekwenda benki mia, mimi ni Lyle Prochnow mmoja tu, na Lyle mmoja ana elfu nane zake, basi. Zilizozidi zinakatwa asilimia sita. Nikasema sawa, asilimia sita naimudu. Akasema kila mwaka. Kila mwaka? Kila mwaka, mpaka ziada itoke. Dola mia nne na themanini, mwaka baada ya mwaka. Nikamuuliza, je, nikifa? Akafikiri kwa makini, akasema hapo warithi wangu watahangaika.

Jamani! Nilikaa pale nimeshika kofia. Nimewahi kuona kimbunga kikibeba paa la ghala, lakini sheria hii imenitisha zaidi. Hailali, haisahau, haina hata hasira. Nimeiheshimu kutoka moyoni.

Dawa ipo: kuitoa ziada pamoja na faida yake yote kabla ya tarehe 15. Akasema kuna namna ya kuongezewa muda. Nikamwambia piano haiongezewi muda. Hapo ikabidi nimweleze na habari ya piano, akavua miwani.

Halafu akaniambia neno lililonichoma. Kwamba Februari ningeandika mwaka huu badala ya mwaka jana, nisingekuwa na kosa lolote. Tarakimu moja! Lakini mwaka huu haukuwa na sufuria.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Benki ya ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia meneja, Bwana Ruud, kwamba imetokea bahati mbaya, aliyefungua akaunti ni Lyle Prochnow mwingine, binamu yangu wa Nebraska, tunafanana. Ruud alinyoosha kidole ukutani. Picha yangu, kubwa, nimekumbatia sufuria, nacheka meno yote nje. Wameniweka chini ya maneno "Wateja Wetu Wapendwa".

Nikakubali kwamba binamu ni mimi.

Ruud ni mtu mwema, tatizo ni kwamba hana ucheshi. Akatoa fomu maalumu, akaniambia nisiandike kwamba natoa pesa, niandike kwamba naondoa ziada ya mwaka jana, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali mbele ya serikali. Watapiga hesabu ya faida wenyewe. Hundi itakuwa tayari Jumanne ijayo, asubuhi. Siku ileile ya mwisho! Nikapumua.

Kisha akauliza sufuria iko wapi. Anayefunga akaunti kabla ya siku tisini hurudisha zawadi, au analipa dola sitini na tano.

Nilipie kitu nilichopewa bure? Thubutu! Shida ni kwamba mwezi uliopita nilimpa Lorna, zawadi ya kutimiza miaka sitini. Nikamwambia nimeinunua kwa bei mbaya. Alilia.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Nimekwenda kwa Lorna na uso wa huzuni. Nikamwambia sufuria za namna ile zinalipuka, nimesikia redioni, mwanamke mmoja huko kusini amebaki bila nyusi. Anipe niirudishe dukani, kwa usalama wake. Lorna akaanza kuitoa kabatini. Mkono wangu uko tayari kabisa!

Ndipo Wendell akaingia kutoka gereji. Wendell na umeme hawaachani, unajua tena. Akaichukua, akaifungua chini kwa bisibisi, akapima kila waya, nusu saa nzima, anapiga mluzi. Akatangaza kwamba haina hata chembe ya hatari. Akanipigapiga bega, akasema shemeji, unatupenda sana, sikujua. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli nimejaza mara mbili au nilikuwa natania. Nikasema natania. Akasema ahaa, maana pale mezani wote walijua ni kosa, walikuwa wananiombea.

Kumbe ule ukimya wa Ijumaa ulikuwa huruma. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Siku mbaya kuliko zote, na labda nzuri kuliko zote. Sijui.

Baada ya ibada kila mtu huleta chakula ukumbini. Nikaiona. Sufuria yangu, mwisho wa meza, imejaa maharage ya Lorna. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, mchungaji anaombea chakula, naye huwa hana maombi mafupi. Nikachomoa waya. Nikaifunika kwa koti. Nikatembea.

Ilikuwa ya moto! Nilivumilia mpaka ngazi ya tatu. Kifuniko kikateleza, kikagonga kila ngazi mpaka chini, na kila ngazi ilikuwa na sauti yake. Mchungaji alisema amina mapema. Nilipogeuka, usharika wote ulikuwa unanitazama na matawi mkononi, mimi nina maharage mpaka kwenye viatu. Wendell akapaza sauti: "Shemeji, sahani zipo!"

Walicheka mpaka daktari wa mifugo akakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Marlys hakucheka. Alisema tu, "Lyle. Kwenye gari."

Garini nilimwambia yote. Benki mbili, trekta, sufuria, Mama Vang. Marlys akasema anajua tangu Februari. Benki ilituma barua ya shukrani nyumbani, na picha ndani. Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja aone kama nitamwambia mwenyewe.

Hapo niliumia, kweli niliumia. Akaendelea kutazama barabara, akasema baba yake alimkatalia piano akiwa na miaka tisa kwa sababu trekta lilikuwa linadaiwa, na alifikiri ingekuwa haki trekta limlipe. Basi. Hakupandisha sauti. Nilimwambia nisamehe, mama.

Tulipofika alinitengenezea kahawa, akaniwekea karatasi mbele. Kumbe Marlys ana akaunti yake ya uzeeni! Kwa ule mshahara wake wa kupika jikoni shuleni. Miaka kumi na saba, kila tarehe mbili Januari, anajaza kikomo cha mwaka unaoanza, kisha anafunga droo na kwenda kufua. Hajawahi kumwambia mtu. Nikatazama jumla. Tarakimu sita! Ilibidi nivue miwani, niipanguse, nitazame tena. Nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamke miaka thelathini na nane. Mungu wangu. Nikamuuliza kwa nini asitoe humo akanunue piano. Akasema ya uzeeni haiguswi, Lyle, na akairudisha karatasi kwenye droo.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Tulikwenda pamoja. Ruud akaitaja sufuria, Marlys akafungua pochi, akalipa dola sitini na tano hata kabla sijaanza kubishana. Lorna abaki nayo.

Hundi: dola elfu nane na hamsini na tano, senti ishirini na tatu. Nikaitazama ile hamsini na tano. Sikuifanyia kazi yoyote! Nilikuwa nakula, nalala, naiba maharage, na pesa ilikuwa kule kwenye giza la benki inaongezeka kimyakimya, senti kwa senti, bila kuniuliza. Machozi yalinilenga. Ruud alinipa karatasi ya kujipangusia, akaniambia hiyo hamsini na tano itatozwa kodi.

Maktaba, saa nane mchana. Mama Vang akakagua kila mstari, akafuta sifuri moja, akaandika nyingine palepale. Adhabu hamna. Alinipa mkono. Akaniomba, kwa heshima zote, nisifungue kitu chochote mahali popote bila kumuuliza mtu.

Jumamosi, tarehe 19 Aprili

Piano imefika! Wendell na wanaume watatu waliibeba, Wendell anatoa amri. Marlys alikaa. Akatafuta wimbo wa kanisa kwa kidole kimoja, akakosea, akarudia, akaupata. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa binti. Nilisimama mlangoni na nikalia waziwazi mbele ya Wendell, na Wendell naye alijifanya anakagua kanyagio.

Mwanamke huyu anastahili kitu. Kitu kikubwa. Nimekifikiria tangu Jumapili na sasa kimekamilika.

Jana nilimuuzia Wendell kibanda changu cha kuvulia samaki kwenye barafu, pamoja na jiko lake na viti vyote viwili. Dola elfu tatu. Iliniuma, lakini nilikuwa najua zinakokwenda. Leo saa nne nimeziweka benki ya tatu, ile mpya ya barabara kuu, akaunti ya uzeeni, kwa jina la Marlys! Sahihi yake niliipata asubuhi, nilichomeka fomu katikati ya karatasi za piano, naye akasaini huku macho yake yapo kwenye piano.

Na safari hii sikubahatisha. Kikomo ni cha mtu, na Marlys ni mtu mwingine kabisa. Tena nimeandika mwaka huu, siyo mwaka jana. Kosa linafundisha! Yule karani aliuliza kama mama ana akaunti nyingine ya namna hiyo. Nikamwambia anayo, ila ile yeye huijaza Januari, na sasa ni Aprili.

Sitamwambia kitu. Namjua Marlys, atashangaa.