Ombi la Kufuta Herufi za Kichina Kabla Benchi Halijang'olewa

Kwa Bwana Shirakawa,
Mwenyekiti wa Mtaa wa Kajimachi.
Juni 1961.

Mwenyekiti wangu, natumaini mgongo umepata nafuu, na zile figili za achari nilizomletea mkeo hazikuzidi chumvi. Huku kwetu wazima. Mvua imeleta ukungu kwenye kila kitu ila ulimi wangu, na ndiyo maana nakuandikia. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, usije ukasema Tsune anaropoka.

1. Ubao wa matangazo. Unajua unaanzia kwangu. Nasoma, nagonga muhuri wa nyumba, nampelekea jirani, naye hivyo hivyo, hadi nyumba ya kumi na moja. Katibu wa zamani alikuwa anatia hiragana pembeni mwa herufi za Kichina, zile herufi zetu laini za mviringo zinazoonyesha matamshi, mtu unajishikiza kama ngazi ya bafuni. Tangu Mwalimu Nagatomo astaafu shule akawa katibu, kaziondoa zote. Anasema zinachafua karatasi. Sasa karatasi yake utadhani kuku wamepigana kwenye wino. Mimi shule niliachia darasa la tatu, nikabebeshwa watoto wa watu mgongoni. Kwenye ule mgongo hakuna aliyeniandikia kitu.

2. Tangazo la tarehe tano. Wa kunisomea ni Mzee Kuwabara, yule fundi wa mabango ya maduka. Tunakaa kwenye benchi mbele ya duka langu la achari, anasoma, nammiminia chai, tunamalizia habari za mtaa ambazo Mwalimu kazisahau. Wiki ile alikuwa kwa binti yake, wanapandikiza mpunga. Nikaitazama karatasi, nikasema hii ni sumu ya panya, kila Juni huwa ni panya. Nikagonga muhuri. Tena niligonga vizuri, umesimama wima kama askari.

Jumatatu namkuta Mwalimu kainama, anapima benchi kwa futi kamba. Nikamuuliza, "Mwalimu, unalishonea kimono?"

Akasema, "Mama Tsune, Jumapili linang'olewa, tunaweka mapipa ya taka. Tangazo lilisema asiyekubali asigonge muhuri. Wewe umegonga, tena wa kwanza."

Mwenyekiti, mimi nimeuza benchi langu kwa mkono wangu.

3. Majirani. Nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikubali. Bi Umezaki wa tofu akasema, "Niliona muhuri wako, nikajua Tsune kashasoma." Muuza sake akasema aliona wa Bi Umezaki. Daktari wa meno, aliyesomea Tokyo na miwani juu, akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Na mimi nilidhani ni panya." Mihuri kumi na moja, msomaji hakuna. Hata panya wenyewe wangejua walivyosingiziwa wangekuletea barua.

4. Herufi zenyewe. Maandishi yetu ni nyumba moja yenye wapangaji watatu. Kuna hiragana, mpole, anaelewana na kila mtu. Kuna katakana wa pembe pembe, huyo kazi yake kupokea maneno wageni, kina redio na siagi. Halafu huyu Mchina, kaja miaka hiyo na mizigo yake, hajawahi kuhama, na kila chumba kakijaza yeye. Herufi yake moja ina vijiti vya kutosha kuchemsha birika. Na inasomwa kwa majina mawili, kama mwanamke aliyeolewa, kwao hivi, ukweni vile.

5. Ombi. Kwa hiyo naomba herufi za Kichina zifutwe. Tuanze na ubao wa mtaa, maana ni wiki hii. Halafu mabango ya barabarani, halafu mawe ya makaburi, marehemu nao wajue wamelala wapi. Serikali ikikataa, mtaa wetu ujitenge kwanza. Na mihuri yote iliyogongwa kwenye herufi zisizosomeka ihesabiwe haijagongwa, wa kwangu ukiwa wa kwanza, kama kawaida yake. Benchi libaki. Mzee Kuwabara anarudi Jumamosi jioni. Akikuta Jumapili mapipa ya taka pale anapokaa, mimi nitamwambia nini?

Barua hii nimeiandika kwa hiragana tupu, nawe umeielewa yote. Huo ndio ushahidi wangu.

Msalimie mkeo, mama mkwe, na yule paka wenu anayeniibia dagaa. Msalimie na Mwalimu Nagatomo, mwambie sina kinyongo, aje achukue figili zake.

Wako mtiifu,
Tsune Hirabe, duka la achari.

Tanbihi: Mwenyekiti, nimeshindwa kulala na uongo. Lile tangazo ningeweza kulisoma. Herufi ya kukalia nilifundishwa mwezi wa tatu, ya kuondoa nilifundishwa mwaka jana. Kila ubao ukija, Mzee Kuwabara ananiandikia herufi mbili kwa kidole kwenye kiganja, nami namwambia sijaziona vizuri, rudia. Siku ile sikulitazama tu, maana kusoma peke yangu hakuna utamu. Kwa hiyo usifute kitu. Anasema serikali imetupangia herufi elfu moja mia nane na hamsini. Mimi ninazo mia moja na tisini. Ubao mara mbili kwa mwezi, herufi mbili kila mara, nimehesabu kwa vidole na kwa figili, tumebakiza miaka thelathini na mitano. Mwambie Mwalimu aendelee kuandika vigumu hivyo hivyo, ila mapipa ayaweke kwingine. Na benchi lile mguu wa kushoto umelegea, mtu alitie msumari, lina kazi ndefu.