Wingu Lenye Jina la Mke Wangu

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua wingu jipya kati ya nyota! Duara la kijivu, limetoboka katikati. Halimo kwenye ramani ya nyota. Limo katika kila picha niliyopiga kwa darubini. Kila picha! Ushahidi gani tena? Nimemwambia mke wangu litaitwa kwa jina lake. Nyumba niliyomjengea tuliikimbia siku tuliyofukuzwa, sufuria zikiwa jikoni. Kule juu hatatufukuza mtu. Akasema haya, baba, ila nimrudishie kwanza stuli yake ya jikoni ninayokalia kwenye darubini.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kashawapigia simu mawifi zake, yaani dada zangu, wote. Daktari wa meno, mwenyekiti wa chama chetu cha darubini, ametaka kuzikagua picha kabla ya mkutano wa Ijumaa. Nikamjibu bado zinakauka. Picha za kompyuta! Ulimi huu utaniua. Lakini ni kijicho tu: picha yake ya galaksi imetundikwa maktaba, anaogopa yangu itaishusha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeing'oa kamera kwenye darubini, nikaitia lenzi ya kawaida, nikampiga mke wangu picha ya kuwekwa kando ya wingu lake. Kajipaka wanja. Siku nyingi sijamwona na wanja.

Ijumaa, 7 Machi
Ardhi ipasuke! Mkutanoni, picha zote mbili ukutani, watu wakipiga makofi. Daktari akaomba ya mke wangu ikuzwe. Katikati ya paji la uso: duara la kijivu, limetoboka. Akasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kuwa ni vumbi ndani ya kamera, mzee mwenzangu. Mtu nyuma akampongeza mke wangu, eti shemeji kashukiwa na wingu. Wakacheka. Yeye akaukumbatia mkoba wake mapajani.

Njiani akaniuliza kama sikuliona doa lile usoni mwake. Sikuliona. Picha yake sikuitazama. Nilikuwa napima tu nafasi ya wingu pembeni. Sikumwambia. Alijua.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwomba radhi. Nimeapa sitatangaza kitu kabla ya kukihakiki. Kamera nimeisugua ndani kwa kipande cha sweta kuukuu nyeusi, nikapiga picha upya. Duara limetoweka. Badala yake, nyota yenye mkia! Mkia mrefu, mwembamba, mweusi. Mweusi! Haijapata kusikika. Na imo katika kila picha.

Dada mkubwa nimeshampigia. Nimemsihi asimwambie wifi yake mpaka Ijumaa.