Nani Atakaa Kwenye Kigoda cha Baba?

Ijumaa, 12 Aprili

Ijumaa, siku ya arobaini ya Kwaresima. Tangu mfungo uanze sijagusa nyama wala samaki, ila mara moja tu, na ile ilikuwa supu.

Ammachi, mama yetu, katuita nyumba kubwa ya ukoo kando ya mto. Anaishi pale na mdogo wangu Avira, maana kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba na mama kwa pamoja. Mimi kifungua mimba nilirithi jina la babu na upara wake. Duka la miavuli nimelianzisha mwenyewe.

Shauri lilikuwa mkate usio na chachu wa Alhamisi Kuu, unaopikwa kila nyumba. Mwaka jana hatukuupika. Nyumba iliyofiwa haipiki, na baba alikuwa ametutoka. Majirani walituletea wa kwao, tukala kimya kama wapangaji. Mwaka huu jiko linawaka tena, na kigoda cha baba ki wazi. Anayekikalia ndiye husimulia watoto habari za kutoka Misri, kisha humega mkate, na ukoo mzima unapokea kwa mikono miwili.

Avira akasema kaka ndiye mkubwa, akae yeye. Unyenyekevu huo ukanitia shaka papo hapo. Ammachi akasema kukaa hata paka anakaa. Je, Pothen, utasimulia kama alivyosimulia baba yako? Nikasema neno kwa neno! Akasema haya, na ukuti wa msalaba wa juu ya mkate niulete mimi, uliobarikiwa Jumapili ya Matawi, kama kila kifungua mimba wa nyumba hii. Nikishindwa kimojawapo, kigoda ni cha Avira.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilipofika mlangoni mluzi ukakata. Sikumbuki hata sentensi moja ya baba! Kila mwaka alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa nalitazama bakuli la tui na sukari guru la kuchovea mkate.

Ilikuwa inaishaje, hadithi ile? Ajabu, hadi leo sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi, 13 Aprili

Kwetu leo ni siku ya madonge ya mchele ya mvuke, yenye nazi na sukari guru ndani. Nimekula kwa kiasi. Kiasi kikubwa.

Mbinu ya kwanza: kuchota hadithi kwa watu bila wao kujua. Nimemfuata Avira shambani, nikamwambia namjaribu tu kama anakumbuka simulizi ya marehemu. Kajaa mtegoni! Anakumbuka vyura. Eti baba akifika kwenye pigo la vyura alikuwa akiruka kutoka kwenye kigoda, mzee mzima na magoti yake, na kila mwaka chura mmoja alikuwa anaingia kwenye chungu cha Ammachi. Nikamwuliza mwisho wake je. Akajikuna kichwa, akasema kaka, mimi nikishapata vyura huwa sitaki kingine.

Nyumbani nikamwuliza mke wangu, Saramma. Yeye vyura hawakumbuki kabisa! Anakumbuka unga. Eti wana wa Israeli walipoambiwa watoke upesi, unga haujaumuka, baba alikuwa anawageukia wake wa wanawe na kuwauliza: na wewe binti, ukiambiwa toka sasa hivi, utabeba nini? Saramma alikuwa akijibu kila mwaka: jiwe langu la kusagia. Na baba alicheka kila mwaka.

Nimekaa kitako nikawaza. Miaka yote ya ndoa yetu mwanamke huyu yuko tayari kukimbia na jiwe la kusagia. Mimi sikutajwa. Nikamwuliza kwa upole kama katika safari hiyo nami nimo. Akasema wewe baba Tresia utakuja mwenyewe, ukisikia harufu ya chakula.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Maandamano mazuri, jua kali. Kila mtu na ukuti wake mkononi. Mahubiri yakawa marefu, na Kunju, binti mdogo wa Avira, akaanza kuzitafuna ncha za kuti. Wake, wa baba yake, wa bibi yake, kisha akageuka kiti cha nyuma akazitafuna na zetu. Jino lake moja la mbele linalegea, anasema linawasha. Ammachi akampiga kikofi cha mkono. Kunju akatabasamu na kuendelea.

Mbinu ya pili, na hii ilinijia nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo huenda imetoka juu. Nimejitolea kuwatunzia wote kuti zao! Nikasema mwaka huu wajibu ni wangu, nipeni, zisije zikapotea. Wakanipa. Sasa ukoo mzima hauna ukuti isipokuwa kwangu. Hata hadithi ikinishinda, watamwekaje Avira kigodani bila msalaba? Nimezisokomeza katikati ya lile tita la kuti kavu za mwaka juzi, nyuma ya kabati. Hakuna atakayeziona.

Doa moja. Paroko katangaza wanaume kumi na wawili watakaooshwa miguu Alhamisi. Avira yumo. Avira, mwenye miguu kama mizizi ya mti wa mpira! Mimi nimesugua visigino kwa jiwe tangu Kwaresima ianze. Nimempongeza kwa moyo mkunjufu. Moyo ulikunjuka kwa nguvu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mazoezi. Baada ya rozari ya jioni nikawaambia Saramma na binti yetu Tresia wasiinuke mkekani, nitawasimulia. Nikaanza na ukoo wa Lawi. Kwenye pigo la pili nikaruka kama chura, goti likalia. Saramma hakulisikia, alikuwa anakoroma. Tresia alikuwa macho kwa sababu ya simu chini ya mtandio.

Nikamwuliza kasoro iko wapi. Ana miaka kumi na mitano, haogopi mtu. Akasema baba, unasimulia kama karatasi inayokuja na mwavuli mpya. Babu alikuwemo ndani ya hadithi. Wewe haumo, umesimama nje unatuonyesha kwa fimbo.

Nikamwuliza nitaingiaje. Akasema wewe si Farao? Wiki ya tatu hii anaomba ruhusa aende kuimba Pasaka na kwaya ya vijana parokia ya ng'ambo ya mto, na kila siku namjibu kesho. Farao naye alikuwa anasema kesho.

Nimekwenda kuangalia kwenye Biblia. Ni kweli, kwenye vyura Farao kasema kesho! Jambo la kushangaza sana. Mtu ana vyura kitandani, anaulizwa waondolewe lini, anasema kesho. Kwa nini? Nimewaza hadi chai ikapoa. Hata hivyo ruhusa sijatoa. Nani atanisaidia dukani?

Jumatano, 17 Aprili

Jana sikuandika, nilikuwa kwa Ammachi. Nilimpelekea ndizi mbivu, nikamzunguka kwa maneno, nikasema mama, mwisho wa hadithi ya baba ulikuwa mtamu, eeh? Akasema mtamu sana. Nikasema hasa yale maneno ya mwisho kabisa. Akasema yapi? Nikasema yale yale. Akanitazama, akamenya ndizi, akasema Pothen mwanangu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaiba sukari guru kisha unaniuliza kama nimeiona.



Leo msiba. Nimerudi kutoka dukani nikakuta nyumba inang'aa. Saramma kafanya usafi wa Alhamisi Kuu. Kabati limesogezwa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, lile tita la kuti kavu liko wapi. Akasema kampa mhudumu wa kanisa, zikachomwe ziwe majivu ya Kwaresima ijayo, maana kitu kilichobarikiwa hakitupwi ovyo. Akasema nimshukuru, tita lenyewe lilikuwa na mende.

Nikamshukuru.

Akauliza kama kuti za Jumapili nimeziweka pazuri. Nikasema pazuri mno, karibu na altare.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Asubuhi kanisani. Avira kaoshwa miguu. Paroko alisugua, akasugua tena, akaomba maji mengine. Nilijisikia vizuri kidogo, nikatubu, nikajisikia vizuri tena.

Baada ya ibada nikamvuta mhudumu pembeni. Akasema kuti zote ziko stoo na ufunguo anao paroko, na paroko ameshapanda gari kwenda kanisa la kilimani. Arudi lini? Kesho. Neno hilo sasa silipendi.

Mbinu ya tatu. Nyuma ya duka langu upo mnazi. Nimekata ukuti mchanga, mzuri, wa manjano laini, nikaukunja msalaba kwa mkono wangu. Nani atajua? Baraka haina rangi. Nikaupeleka jikoni kwa Ammachi. Akaupokea, akauweka juu ya unga, chungu kikafunikwa.

Jioni, baada ya sala, watoto wote mkekani, mkate katikati na msalaba wake, bakuli la tui linatoa moshi. Nikakikalia kigoda. Kifupi kuliko nilivyodhani! Magoti yakanifika kidevuni. Nikajiuliza baba aliwezaje kuonekana mrefu pale.

Nikaanza. Nikaweka vyura wa Avira, wakacheka kidogo. Nikamgeukia Saramma nikamwuliza atabeba nini. Akasema jiwe la kusagia. Kidogo kidogo nikawa naelea! Nikafika kwenye nzige. Watoto wawili wakaanza kupiga miayo, nikaongeza sauti. Hapo Kunju akanyoosha mkono kama yuko darasani, akauliza baba mkubwa, msalaba wetu uko wapi?

Nikamwambia huo hapo, juu ya mkate. Akausogelea mpaka pua ikagusa. Akasema huu siyo wetu. Kuti zetu zote nilizitafuna. Huu hauna meno.

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata bakuli liliacha kutoa moshi.

Nikasema huenda Bwana ameuponya.

Tresia akaficha uso kwenye mtandio. Miayo ikakoma ghafla. Mtoto mmoja akauliza aliuponya saa ngapi. Mwingine akauliza je, na zile kuti nyingine zimepona? Kunju akauliza baba mkubwa, ulizitia wapi? Nikasema nyuma ya kabati. Kwa nini? Ili zisipotee. Zikapotea? Zikapotea. Nani alizichukua? Nikamtazama Saramma. Saramma akashika mdomo, akasema Yesu na Maria, lile tita la mende!

Basi hapo hapakuwa na Misri tena. Kila nikijibu moja wananiuliza mawili, wananisogelea kwa makalio juu ya mkeka, mpaka wakawa wamenizunguka na mmoja kanishika goti. Nikawaeleza kabati. Nikawaeleza mhudumu, stoo, ufunguo unaopanda kilima ndani ya gari la paroko. Nikasimama nikawaonyesha nilivyoupanda ule mnazi, na kwamba nusu ya njia shuka yangu ilinasa nikabaki naning'inia juu ya barabara, na mke wa mwalimu akapita chini na kunitakia Alhamisi Kuu njema. Watoto wanagaagaa. Avira analia machozi, ananiita kaka wee, kaka wee. Hakuna aliyelala. Hakuna!

Kunju akauliza, na ulifanya hivyo vyote ili upate nini? Nikafungua mdomo. Nikakiangalia kigoda.

Ammachi akakohoa.

Kikohozi kimoja, kikavu. Na hapo, miaka yangu hamsini na tatu, nikakumbuka! Hicho ndicho kilikuwa mwisho! Baba hakuwahi kuimaliza hadithi. Kila mwaka alifika karibu na bahari, tui likawa linapoa, Ammachi anakohoa, naye anasema haya, tule, tutavuka tukiwa tumeshiba.

Nikasema haya, tule, tutavuka tukiwa tumeshiba.

Sauti haikuwa yangu sawasawa. Ammachi aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akasema nipishe. Nikampisha. Akakaa kigodani yeye mwenyewe, jambo ambalo sijapata kuliona nyumbani kwetu. Akauchomoa ukuti wangu, akautupa nje ya dirisha, akachora msalaba juu ya mkate kwa kidole gumba. Akamega. Kwa desturi huanza kupewa mkubwa. Akaninyooshea mimi, nami nikapokea kwa mikono miwili, bado inanuka utomvu wa mnazi. Akasema kwa sauti ya chini, kula, mwizi wangu wa sukari guru.

Sijui kwa nini tui la mwaka huu lilikuwa na chumvi kidogo. Nimemwuliza Avira, anasema lake halikuwa nayo.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Mfungo. Tumenyweshwa maji machungu kanisani, ukumbusho wa siki ya msalabani, kichwa chepesi, fikra safi. Nimetafakari kwa kina yaliyotokea, maana mtu asiyejifunza kutokana na jambo kama lile ni mpumbavu.

Tresia kaja kuuliza tena habari za kwaya. Nimemwambia kesho. Akacheka peke yake mpaka barabarani, sijui nini.

Nimechunguza jambo lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaona kosa lilikuwa moja tu. Meno. Ukuti ungekuwa na alama za meno, Kunju asingesema kitu, ningefika baharini salama, na kigoda kingekuwa changu. Mchana nilikata kuti kadhaa nyuma ya duka nikazitafuna ncha kwa majaribio. Hazifai. Meno yangu yanaacha alama pana kama za ng'ombe, mtu yeyote atajua.

Jioni nikapita nyumba kubwa. Lile jino la Kunju sasa linaning'inia kwa uzi. Nikamwita pembeni, nikamwomba likidondoka asilirushe juu ya paa, anitunzie mimi mpaka mwakani.

Akauliza, la nini, baba mkubwa?

Nikamwambia ni fumbo la imani.