Jeki Iliyokataa Kushuka

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimebarikiwa. Yadi ya magari mabovu, nyuma ya kituo cha mafuta. Pikapu bila milango, imelalia tumbo kama ng'ombe mgonjwa. Nimeomba ruhusa kwa mlinzi (mimi si mwizi), nikapiga dua fupi, nikapenyeza mkono chini ya kiti. Kwanza panya aliyekufa. Kisha spana namba kumi na tatu. Kisha, nyuma kabisa, ndani ya gunia: jeki. Ile fupi, nene kama chupa. Kutu tupu. Nimeikumbatia mpaka shati limebadilika rangi.

Gari likifa watu wanang'oa redio, betri, hata vioo. Chini ya kiti hachungulii mtu. Huko ndiko riziki yangu ilikolala.

Nyumbani nimemkuta Mama Watoto amesimama kwenye mlango wa stoo, mikono kiunoni. Mama yake anakuja Jumamosi kukaa nasi, na atalala stoo. Nimemwambia stoo imejaa. Akasema ndicho hicho anachozungumzia. Sharti lake: kama kuna chuma hata kimoja humo kitakachofanya kazi ya maana kabla mama yake hajaingia ndani, stoo inabaki yangu, na mama atalala na watoto. La sivyo, vyote vinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nimekubali. Sijawahi kuogopa mashindano yenye haki.

Jumatano, 8 Mei

Spana imelala kwenye mafuta ya taa tangu juzi. Asubuhi brashi ya waya. Mchana msasa. Halafu tupa, mpaka mdomo wake ukang'aa ndani na nje. Unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Nimeipeleka gereji kwa Shemeji, kaka yake Mama Watoto, mwenye sanduku jipya la droo na maneno mengi. Akaijaribu kwenye nati ya kumi na tatu. Ikacheza kama kijiko kwenye kikombe. Akaijaribu kwenye ya kumi na nne. Ikakaa barabara. Fundi mmoja alitoka chini ya gari ili acheke vizuri.

Shemeji akaniuliza, "Shem, hii umeisugua au umeilisha?" Nikamjibu kwamba namba kumi na nne nayo ni spana. Akasema ni kweli kabisa, niendelee kusugua, huenda ikafika kumi na saba.

Nimeondoka kichwa juu. Sikuiharibu. Niliikuza.

Alhamisi, 9 Mei

Zamu ya jeki. Nimeiosha, nikaitia mafuta, nikaiweka chini ya kabati la vyombo. Nikapampu. Kabati likapanda na sahani zake zote. Nikachomeka mpini kwenye kile kiskrubu cha pembeni, nikazungusha, kabati likashuka taratibu kama mtu mzima anayekaa kitini.

Nilipiga magoti hapo hapo nikashukuru.

Mama Watoto aliona kwa macho yake. Akasema kabati halikuwa na shida yoyote pale chini, kwa hiyo hiyo si kazi, ni mchezo. Mke wangu ana vipengele vingi kuliko mahakama.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya urembo. Mtu mwingine angeiacha jeki na sura yake ya gerejini. Mimi hapana. Kile kiskrubu cha pembeni kilikuwa na ncha ya mraba, mbaya, imetokeza kama jino la mwisho. Nimeipiga tupa mpaka ikawa mviringo, laini kama kifungo cha koti. Kisha rangi nyekundu ya mafuta, mkono wa kwanza, mkono wa pili.

Imekauka dirishani. Jirani amesimama kuitazama, akauliza kama ni chombo cha maua. Wivu.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi niliomba hivi: Bwana, si kwa ubaya, lakini tairi moja tu.

Na ikawa. Shemeji alimleta Mama Mkwe kwa gari lake, na pale mbele ya geti letu tairi la nyuma likatoa upepo wote. Tairi la akiba alikuwa nalo. Jeki alikuwa ameiacha gereji, chini ya gari la mteja. Sikukimbia. Nilitembea, jeki mkononi, ili wote waione.

Tulimsihi Mama Mkwe ateremke kwanza. Akasema kiuno chake kimeshazoea kiti, tumwinue naye. Nikapampu. Gari likapanda, Mama Mkwe ndani, mizigo ndani. Shemeji akainama kufungua nati. Mama Watoto akatabasamu, na tabasamu lile nalijua. Stoo ilikuwa yangu.

Ilikuwa yangu mpaka tairi lilipobadilishwa na Shemeji aliposema shusha.

Mpini ulizunguka bure. Ncha ya kiskrubu haikuwa na pa kushikwa. Koleo likateleza kwenye rangi. Nyundo nilikatazwa. Mama Mkwe akachungulia dirishani, amekaa mshazari: "Mkwe wangu, kupanda nimepanda. Kushuka ni lini?" Shemeji akamjibu kwa niaba yangu kwamba jeki ya shem ni ya peponi, ikikupeleka imekupeleka.

Nilisimama imara. Nikawaambia jeki maana yake ni kuinua. Imeinua. Kama kuna aliyetaka kushushwa, angesema mapema.

Shemeji alikwenda gereji kwa miguu akaleta jeki yake. Mimi nilimpitishia Mama Mkwe chai dirishani. Alikataa kufungua mlango. Alisema aliyempandisha ndiye atakayemshusha. Hakunishushia heshima, namshukuru. Lakini alishushwa na jeki ya mwanawe, na Mama Watoto alikuwa amesimama pale anashuhudia.

Jumapili, 12 Mei

Hukumu, baada ya ibada. Kesho mnunuzi anakuja, na Mama Watoto hataki kuona chuma hata kimoja ndani ya nyumba hii. Hayo ndiyo maneno yake, mbele ya Mama Mkwe. Ndani ya nyumba.

Nimeyatafakari mchana kutwa. Mwanamke mwenye maneno sahihi sana, mke wangu.

Jumatatu, 13 Mei

Mnunuzi alikuja na mkokoteni. Stoo nyeupe, imefagiliwa, Mama Mkwe amejinyoosha. Mnunuzi akaondoka mikono mitupu.

Vyuma vyangu viko uani, ndani ya basi dogo lisilo na injini wala magurudumu. Mwenye yadi aliniambia nikiweza kulikokota ni langu. Limekaa chini ya dirisha la Mama Watoto. Amefunga pazia tu.

Chini ya kiti cha nyuma nimekuta pampu ya kujazia tairi upepo. Nzima kabisa, ya zamani, ya watu waliojua kazi. Ila mdomoni ina kijipini kimetokeza katikati, kinaharibu sura yote. Sijui waliweka cha nini.

Tupa ninayo. Nitaanza na hicho.