Mizigo Yote kwa Safari Moja

Jumanne, 7 Oktoba 2014

Mama ametamka! Baada ya sala ya jioni, chai bado mkononi. Anataka Jumapili ya Watoto mwaka huu, siku watoto wanaposema aya kanisani, asali Falealupo, kijijini alikozaliwa, kule mwisho kabisa wa kisiwa. Ana miaka themanini na minne na nyonga iliyokwisha. Hajafika huko miaka kumi na mmoja. Alisema, "Kabla sijabebwa na wanaume sita, nibebeni mara moja kwa gari." Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje kulia.

Nililia ndani ya gari la marehemu baba. Siku hizi ni banda la kuku nyuma ya jiko, kutu imekula milango yote. Ah, gari lile! Baba Ropeti alitupakia watoto tisa, mama mbele, magimbi, mikeka, nguruwe, akasukuma mlango wa nyuma kwa goti, tukaenda Falealupo safari moja. Mimi nilikaa nyuma kabisa juu ya magunia, nikitazama barabara ikitukimbia. Harufu ya petroli na ya mafuta ya nazi kwenye nywele za dada zangu. Ningeambiwa nichague siku moja irudi, ningechagua ile.

Nimetangaza mbele ya wote: Alapati mwana wa Ropeti atambeba mama na zawadi zote, gari moja, safari moja. Binamu yangu Sanele, wa nyumba ya pili, mwenye pikapu mpya nyekundu, akasema mimi nibebe watu, yeye abebe mizigo. Eti ananisaidia! Anataka Falealupo nzima ione zawadi za mama zikishuka kwenye pikapu yake. Nimemkatalia. Kwa adabu, lakini nimemkatalia.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi kwa fundi Etuale. Nilitaka aniongezee upepo tu kwenye tairi. Yeye akafungua mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko ambacho sijawahi kukiona, na gari hili ninalo mwaka wa saba. Mwisho wa mzigo: kilo mia nne na thelathini, watu wakiwemo. Nikamwambia kibandiko ni cha Kijapani, labda na kilo zenyewe ni za Kijapani. Hakucheka. Akaniambia nikapime watu wangu kwanza.

Mizani ya magimbi sokoni. Mimi: mia na kumi na nane. Mama: sabini na moja. Mjukuu wetu Sose, miaka sita, ambaye naye ana aya ya kusoma Jumapili: ishirini na mbili. Mke wangu Vaoita aliitazama mizani, akanitazama mimi, akaenda kununua sabuni. Nimemwandikia sitini. Hiyo ni heshima, na tena imenipatia nafasi ya gunia zima.

Etuale alitaja na mengine. Kizito kikae chini, kiegemee mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya keria, pale paani, vyepesi tu. Kila kitu kifungwe. "Katoni ya samaki ukiiacha wazi huko nyuma," alisema, "siku ukikanyaga breki itakuja kukusalimia kisogoni." Maskini, uzee unamfanya mwoga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Orodha. Magunia manne ya magimbi. Katoni sita za samaki wa kopo. Ndoo ya nyama ya chumvi. Mikeka laini ya heshima, mitatu. Nguruwe mmoja, hai, ndani ya kizimba. Mtu hafiki kwa wakwe wala kwa wajomba mikono mitupu.

Akili imenijia nikioga! Spea tairi na jeki vinakaa chini ya sakafu ya buti, vizito, havifanyi kazi yoyote. Nimevitoa, vitabaki nyumbani. Shimo lao linaingia magimbi ishirini na moja. Kumbe watu wanatembea na vyuma miaka yote bila kufikiri!

Vaoita ameuliza Sose atakaa wapi. Nikamweleza kwamba atakaa juu ya magunia, kama nilivyokaa mimi, aione ile raha. Vaoita akajibu kwamba mimi nilikaa juu ya magunia kwa sababu hapakuwa na mikanda. Nikamwambia ilikuwa raha hata hivyo. Akanigusa kovu la kidevuni, akauliza na hili lilikuwa raha ya wapi. Kuna wanawake wasiojua kuthamini zamani.

Sose atakaa kwenye kiti na atafungwa mkanda. Nimepoteza nafasi ya gunia moja. Naliweka juu ya keria.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepakia kutwa. Haba na haba hujaza kibaba. Keria: gunia, ndoo, nguruwe, mikeka. Nyuma: kila kitu hadi kwenye paa, kioo cha nyuma hakionyeshi tena barabara ila katoni. Gari limekaa kitako kama kuku anayeatamia, pua juu. Taa nilipoziwasha jioni zilimulika mashelisheli mtini.

Sanele alipita, akasimama, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. "Kaka, hilo gari linaenda Falealupo au linaenda mbinguni?" Nikamwambia wivu ni maradhi.

Halafu mama akatoka na fimbo yake, akauliza yeye akae wapi. Mungu wangu, niliganda! Kiti cha mbele nilikuwa nimekijaza katoni nne, ili kuishusha ile pua. Nimezihamisha. Mbili zimekwenda nyuma, juu ya vingine, na mbili zitakaa miguuni pake. Alijaribu kukaa. Magoti yalimfika kidevuni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Usiku umekwenda lakini lazima niandike.

Tuliondoka saa nne. Usukani mwepesi ajabu, gari likielea. Kwenye mteremko nilikanyaga breki, gari likafikiri kwanza ndipo likaitikia. Nikamwambia mama, "Unakumbuka? Kama enzi za baba!" Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na kusali.

Kona ya kijiji cha tano. Juu ya paa nguruwe akahama kutoka kushoto kwenda kulia. Gari nalo likahama. Nikapinda, nikakanyaga breki, pu! Tairi la nyuma limepasuka. Tukayumba huku na huku, katoni moja ikaruka kutoka nyuma ikanisalimia kisogoni, tukasimama nusu barabarani nusu kwenye majani. Kisha Sose, katika mkanda wake, akauliza kama tumefika.

Nilimtazama yule mtoto. Nilitazama kule nyuma ambako ningemkalisha. Magunia yalikuwa yameporomoka, pamefunikwa pote. Nilitoka nje nikajifanya natazama tairi.

Spea, nyumbani. Jeki, nyumbani. Vaoita alisema maneno ambayo sitayaandika humu, maana daftari hili wajukuu watalisoma. Shauri likawa gari lipakuliwe lote, kisha tuombe wanaume wa kijiji waliinue kwa mikono. Nikapakua. Mbele yetu palikuwa na nyumba kubwa ya wazi, bila kuta, nguzo zimepakwa rangi, uwanja wa majani mafupi. Nikapanga kila kitu pale uwanjani kwa safu: magunia, katoni, ndoo, nguruwe mbele. Mikeka laini nikaikunjua juu ya vyote isiguse udongo. Mama tukamketisha kando, na shela lake jeupe.

Nilipoinua macho, watu walikuwa wanaingia nyumbani mle, wanakaa kila mmoja kwenye nguzo yake. Mzee mmoja akatoka, kifua wazi, fimbo ndefu mkononi, usinga begani. Msemaji wa ukoo! Akaisimika fimbo kwenye majani. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Kwetu hapa, ukipanga mali namna ile mbele ya nyumba ya watu, na bibi mkubwa ameketi kando, unakuwa umeleta zawadi.

Mzee akaanza, sauti ikifika baharini. "Waheshimiwa mlioikumbuka nyumba hii! Hatukuwa na habari ya ujio wenu, lakini moyo haukosi habari." Akataja nguruwe. Akataja magunia. Akataja kila katoni kwa heshima yake. Nyumbani mle wanawake wazee walikuwa wanafuta machozi.

Nikafungua kinywa kueleza. Vaoita akanifinya ubavuni. Mama akanong'ona bila kugeuza kichwa, "Ukiwaambia ukweli, nakufa hapahapa kwa aibu, na utanizika huku huku ugenini." Basi nikasimama nikajibu. Niliapa kwamba koo zetu ni moja tangu dunia haijakauka. Sijui maneno yalitoka wapi. Ni hotuba bora niliyowahi kutoa, na imenigharimu kila kitu.

Mali ikaingia ndani. Ikaja zamu yao kurudisha heshima, maana mgeni haondoki hivihivi. Nguruwe wa kuchoma. Mkeka. Halafu mkuu wa nyumba akaliangalia gari letu, akanong'onezana na wanawe, na wanaume wawili wakaja wamebeba tairi, wakalitua mbele yangu taratibu kama wanavyotua mkeka wa kifalme. Mwanawe ana gari kama langu. Na jeki wakatuazima.

Sanele akatukuta tunafunga nati za mwisho, pikapu yake ina nguruwe wawili na bendera. Kwa mara ya kwanza hakutania. Alimwomba mama apande kwake, kiti ni kipana. Nilijua angekubali. Mama akaingia kwenye gari langu, akanyoosha miguu hadi mwisho, akafunga mkanda. "Leo ndiyo limekuwa gari," akasema. Nguruwe wa kuchoma akakaa chini kabisa, nyuma ya kiti, amefungwa. Kwenye keria, upepo mtupu.

Jumapili, 12 Oktoba

Tulifika jana jioni na nguruwe mmoja na mkeka mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa. Hakuna aliyetazama buti. Mdogo wake mama alifungua mlango wa mbele, akaweka kichwa mapajani pa mama, mzee wa miaka sabini na nane, akalia kama mtoto aliyerudishiwa mama.

Kanisani leo watoto wote wamevaa nguo nyeupe kama maziwa. Sose alisema aya yake kwa pumzi moja, akasahau kuinama, akarudi kuinama. Walipokwisha, mama aliomba kusimama. Tukamshika mimi huku, Sanele huku. Akaisema aya yake ya utotoni, ya mwaka 1937. Katikati ikampotea. Akafumba macho, akaanza upya tangu mwanzo, akaimaliza. Sanele alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, na kila mmoja alijifanya hamwoni mwenzake.

Mchana, kwa kuwa leo watoto ndio hula kwanza, walimkalisha mama nao. Mimi ndiye niliyempelekea sahani. Mamangu, katikati ya watoto, aiskrimu puani, anacheka. Nilitamani baba angekuwepo. Nilitamani sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu. Tumerudi polepole, madirisha wazi. Nilimuuliza mama kama nilimkumbusha baba, kule kuendesha kwangu. Alicheka hadi akashika nyonga.

Eti baba hakuwahi kubeba hata gimbi moja kwenye gari lile! Mizigo yote aliituma Ijumaa kwa basi. Na sisi watoto hatukwenda kwa safari moja, alipeleka wanne, akarudi kuchukua watano. "Mlikuwa tisa, angewapanga kama samaki?" Nikamuuliza, na yale magunia niliyokalia? Akasema yalikuwa ya sufi, ya mito ya shangazi, mepesi hata mtoto angeyabeba. Na kidevu nilikipasua kwa sababu nilikataa kukaa chini.

Hasara ya magimbi nimeivumilia. Hii imeniuma. Nilitaka kwenda kukaa kwenye lile banda la kuku nilie tena, lakini kuku walikuwa wameshalala.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka mtu mpya. Nimetafakari na kuona makosa yote.

Baba alitumia basi kwa sababu zamani hapakuwa na kamba imara. Mimi ninazo. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilipakua nikiielekea nyumba ya watu. Siku nyingine nitapakua nikiielekea bahari.

Desemba dada yetu wa Upolu, kisiwa cha jirani, anazindua nyumba. Feri inavusha magari. Nimeshapima keria: nikiongeza mbao mbili pembeni, linakaa kabati. Vaoita ameuliza kama spea inarudi ndani ya gari. Nimemwambia mambo yako kwenye mpango.

Mama amesema Desemba yeye atatangulia kwa basi. Ametamka kwa upole, akinishika mkono. Nimelifikiria jambo hilo asubuhi nzima. Kiti chake kinaingia magunia mawili.